Ukurasa Usiofunguka: Namna ya Kutafuta Hitilafu ya Intaneti katika Kompyuta za Linux

Shule nyingi za sekondari nchini sasa zina kompyuta, ingawa idadi yake bado ni ndogo kuliko mahitaji. Matumizi ya kompyuta hizo yamekwisha kuvuka mipaka ya somo la kompyuta lenyewe. Baraza la Mitihani hutangaza matokeo katika tovuti yake. Mhitimu wa kidato cha nne anayetaka kubadili tahasusi hufanya hivyo katika mfumo wa TAMISEMI, na mhitimu wa kidato cha sita anayeomba mkopo wa elimu ya juu hupeleka maombi yake kwa Bodi ya Mikopo kwa njia ya intaneti. Kila moja ya shughuli hizo ina siku yake ya mwisho. Kwa kijana wa Mkalama, Itigi au Iramba, ukurasa unaokataa kufunguka katika juma la mwisho si usumbufu mdogo; waweza kumgharimu mwaka mzima wa masomo.

Jambo la kawaida katika hali kama hiyo ni kutamka kwamba "intaneti imekatika", kisha kumwita fundi kutoka Singida mjini. Fundi hulipwa nauli na ujira, huifuta kompyuta na kuiwekea programu upya, naye huondoka. Aghalabu ukurasa hubaki vilevile, kwa sababu hitilafu haikuwa ndani ya kompyuta hata kidogo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kutafuta hitilafu ya namna hiyo ni kazi ya kisayansi ambayo mwalimu na wanafunzi wake waweza kuifanya wenyewe, bila chombo kingine ila kompyuta iliyo mbele yao. Mifano imetolewa katika mfumo endeshi wa Linux.

Linux na shule

Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimamia sehemu zote za kompyuta na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Tofauti yake na mifumo mingine ni kwamba maandishi yake ya msingi yako wazi: mtu yeyote anaruhusiwa kuyasoma, kuyanakili, kuyarekebisha na kuyagawa bila malipo. Simu za Android nazo zimejengwa juu ya kiini cha Linux, kwa hiyo watu wengi wanaitumia pasipo kujua.

Hapa Tanzania, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika mradi wa Kilinux uliotafsiri programu huria kwa Kiswahili. Mwaka 2004 mradi huo ulitoa Jambo OpenOffice, mkusanyo wa programu za ofisi katika lugha yetu. Mwaka huohuo ilitoka Ubuntu, toleo la Linux linalotumika sana mashuleni. Jina lake ni neno la lugha za Kinguni za kusini mwa Afrika, nalo lina shina moja na neno "utu" la Kiswahili.

Kwa shule, Linux ina faida mbili. Kwanza, haina ada ya leseni, tena hufanya kazi vizuri hata katika kompyuta zilizokwisha kuzeeka. Pili, haifichi mambo. Kila hatua ya mawasiliano yaweza kuulizwa kwa amri fupi, na kompyuta ikajibu waziwazi. Faida hii ya pili ndiyo inayoifanya ifae sana kwa kufundishia.

Safari ya ukurasa mmoja

Ili kujua palipoharibika, ni lazima kwanza kujua panapopita. Ichukuliwe shule moja ya sekondari mkoani Singida yenye kompyuta 20. Mwanafunzi anaandika katika kivinjari, yaani programu ya kusomea kurasa za tovuti, anwani www.necta.go.tz. Mambo yafuatayo hutokea kwa mfuatano, mengi yake katika muda ulio chini ya nukta moja.

Kompyuta hupeleka ujumbe kwa waya au kwa mawimbi hadi kwenye ruta ya shule, ambayo ni lango la kutokea nje. Ruta huupeleka kwa kampuni ya simu. Lakini mtandao haujui majina. Unajua namba tu. Kwa hiyo kompyuta huuliza kwanza: jina hili lina namba gani? Ikiisha kupata namba huigonga seva, yaani kompyuta inayotunza ukurasa. Seva huonyesha cheti cha kuthibitisha kwamba ndiyo yenyewe, na kompyuta hukikagua cheti hicho. Hapo ndipo ukurasa huombwa, hutumwa vipande vipande, na kivinjari huvipanga na kuvionyesha.

Safari hiyo yafanana na ngazi yenye vipandio sita: waya au mawimbi, anwani na lango, njia ya nje, majina, vyeti, na mwisho seva pamoja na kivinjari. Kipandio kimoja kikivunjika, vyote vilivyo juu yake havifikiki, na kwa macho ya mtumiaji matokeo ni yaleyale: ukurasa haufunguki. Fundi wa baiskeli habadilishi baiskeli nzima kwa kuwa haiendi. Hutazama mnyororo, kisha gurudumu, kisha breki. Ndivyo inavyopasa kufanywa hapa.

Maswali mawili ya kwanza

Kabla ya amri yoyote, yapo maswali mawili yanayoweza kuokoa saa nzima ya kazi. La kwanza: je, ni kompyuta moja isiyofungua, ama zote 20? La pili: je, ni tovuti moja isiyofunguka, ama zote?

Ikiwa kompyuta moja imeshindwa na jirani zake zinafungua tovuti ileile, hitilafu imo ndani ya kompyuta hiyo au katika waya wake. Ikiwa zote zimeshindwa kwa tovuti zote, hitilafu iko langoni au nje ya shule, na kuifuta kompyuta hakutasaidia kitu. Ikiwa kompyuta zote zinafungua tovuti zote isipokuwa moja, yumkini kosa ni la seva ya tovuti hiyo, na dawa yake ni subira.

Baada ya maswali hayo mwanafunzi afungue terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, naye aanze kupanda.

Kipandio cha kwanza: waya na mawimbi

Amri ya kuanzia ni hii:

ip address

Kompyuta itaorodhesha milango yake ya mawasiliano. Ule wenye jina linaloanza kwa herufi e ni wa waya. Unaoanza kwa wl ni wa Wi-Fi. Yakionekana maneno NO-CARRIER, waya haupitishi chochote: huenda umechomoka, umetafunwa na panya, au ruta imezimika baada ya umeme kukatika. Kwa Wi-Fi, amri rfkill list huonyesha kama redio ya kompyuta imefungwa kwa swichi. Kompyuta nyingine zina kadi za Wi-Fi zinazohitaji programu ndogo ya mtengenezaji. Linux ikiikosa programu hiyo, mlango wa wl hautaonekana kabisa katika orodha.

Kipandio cha pili: anwani na lango

Katika majibu ya amri ileile, baada ya neno inet, huwapo namba nne zilizotengwa kwa nukta, kama vile 192.168.1.23. Hiyo ndiyo anwani ya kompyuta, nayo hugawiwa na ruta. Namba ikianza kwa 169.254, kompyuta iliomba anwani ikakosa mgawaji, ikajipa yenyewe. Sababu moja ya kawaida ni wingi wa watumiaji: vifaa vingi vidogo vya intaneti vya kubebeka hukubali watumiaji kama 10 tu kwa wakati mmoja, hivyo mwanafunzi wa 11 hubaki nje. Hitilafu nyingine ya kipandio hiki, ambayo haionyeshi 169.254, ni ruta ya pili iliyochomekwa na mtu kwa nia njema, ikaanza kugawa anwani zake yenyewe zisizoelekea popote.

Amri ip route huonyesha lango, baada ya maneno default via. Lango likiwa 192.168.1.1, lijaribiwe hivi:

ping -c 4 192.168.1.1

Programu ya ping iliandikwa na Mike Muuss nchini Marekani mwaka 1983, akaiita kwa mlio wa vyombo vinavyopima kina cha bahari kwa mwangwi. Hutuma pakiti ndogo na kupima muda wa kurudi kwa mwangwi wake. Majibu manne yakirudi, vipandio viwili vya kwanza ni vizima.

Kipandio cha tatu: njia ya nje

Sasa mwangwi utumwe mbali zaidi, kwa seva inayojulikana kwa namba yake:

ping -c 4 1.1.1.1

Lango likijibu na namba hii isijibu, hitilafu iko kati ya ruta ya shule na dunia. Katika shule nyingi sababu ya kwanza ya kuchunguza ni kifurushi kilichokwisha. Kifurushi kinapokwisha, alama ya mtandao katika kioo hubaki ikionyesha kwamba kompyuta imeunganishwa, kwa kuwa kweli imeunganishwa na ruta. Ila ruta ndiyo isiyo na ruhusa ya kupita. Salio litazamwe kabla ya kulaumu mashine.

Hapa pana somo la fizikia. Nuru husafiri ndani ya kioo cha mkongo kwa kasi ya kilometa 200,000 hivi kwa nukta, yaani theluthi mbili ya kasi yake katika ombwe. Kutoka Singida hadi Dar es Salaam kwa njia ya Dodoma na Morogoro ni takriban kilometa 700. Kwenda na kurudi ni kilometa 1,400, kwa hiyo mwangwi hauwezi kurudi kabla ya milisekunde 7. Seva iliyo mwisho wa mkongo wa kilometa 10,000 haiwezi kujibu kabla ya milisekunde 100. Setilaiti iliyosimama juu ya ikweta kwa kimo cha kilometa 36,000 hivi hudai zaidi: ujumbe hupanda na kushuka, na jibu lake hupanda na kushuka vilevile, jumla kilometa 144,000, ambazo kwa kasi ya kilometa 300,000 kwa nukta ni karibu nusu nukta. Kabla ya mkongo wa bahari wa SEACOM kuanza kazi Dar es Salaam Julai 2009, mawasiliano ya intaneti ya Tanzania na nchi za mbali yalitegemea sana setilaiti za aina hiyo. Kwa hiyo namba inayotolewa na ping humweleza mwanafunzi si hali ya mtandao tu, bali pia kadiri ya umbali.

Ipo tahadhari moja. Seva nyingine zimepangwa zisijibu ping kwa sababu za usalama. Ukimya wa seva moja si ushahidi wa kutosha; zijaribiwe mbili au tatu.

Kipandio cha nne: majina

Namba ikijibu na jina likakataa, ugonjwa uko katika Mfumo wa Majina. Mfumo huu ulibuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, nao umepangwa kama utawala wa nchi. Mgeni anayemtafuta mtu kijijini haulizi taifa zima. Anaelekezwa mkoani, kutoka mkoani wilayani, kutoka wilayani katani, hata amfikie balozi wa nyumba kumi anayejua mlango. Hali kadhalika, jina www.necta.go.tz husomwa kutoka kulia. Seva za mzizi wa dunia huelekeza kwa watunzaji wa tz, yaani Tanzania. Hao huelekeza kwenye go, yaani serikali. Huko ndiko huelekezwa kwenye necta, ambako namba yenyewe hupatikana. Kompyuta ya shule haifanyi mzunguko huo yenyewe, bali humtuma mjumbe, ambaye kwa kawaida ni seva ya kampuni ya simu.

Amri ya kupima ni hii:

getent hosts www.necta.go.tz

Ikileta namba, majina yanafanya kazi. Isipoleta kitu, na kivinjari kikaonyesha DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN au ujumbe kwamba seva haikupatikana, sababu ni moja kati ya mbili: jina limeandikwa vibaya, au mjumbe hajibu. Ili kujua mjumbe ni nani, iandikwe amri resolvectl status au cat /etc/resolv.conf. Ikiwa mjumbe ndiye mgonjwa, waweza kuteuliwa wajumbe wengine katika mipangilio ya mtandao, kama 8.8.8.8 au 1.1.1.1. Wako wanaolibadilisha faili la /etc/resolv.conf kwa mkono na kushangaa kuona kwamba baada ya kuwasha upya kompyuta mabadiliko yametoweka. Katika matoleo mengi ya sasa faili hilo huandikwa upya na mfumo wenyewe. Mabadiliko ya kudumu hufanywa katika mipangilio ya mtandao.

Kipandio cha tano: saa na vyeti

Kipandio hiki ndicho kinachowashangaza wengi. Ping yajibu, majina yapatikana, na bado kila tovuti yakataa kwa onyo kubwa la hatari, kwa mfano ERR_CERT_DATE_INVALID. Mwalimu hudhani kompyuta imeingiwa na virusi. Mara nyingi kisa ni saa ya kompyuta.

Cheti cha tovuti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, kama leseni ya gari. Vyeti vingi hudumu kwa siku 90 tu. Kompyuta hukikagua cheti kwa kukilinganisha na saa yake yenyewe. Saa hiyo, wakati umeme umezimwa, huendeshwa na betri ndogo ya duara ya volti 3 iliyo ndani, ambayo katika kompyuta nyingi ni ya aina ya CR2032. Katika kompyuta zilizokaa miaka mingi betri hiyo huwa imekufa. Kila umeme unapokatika, kompyuta husahau siku na kurudi nyuma miaka kadhaa. Kwa kompyuta inayodhani huu ni mwaka 2010, cheti cha leo ni karatasi ambayo bado haijaanza kutumika. Inakikataa, nayo kwa ujuzi wake haijakosea.

Kompyuta ndogo za Raspberry Pi, ambazo zinapendwa mashuleni kwa kuwa hutumia umeme mdogo, zina shida kama hiyo kwa sababu nyingine. Matoleo yake hadi lile la nne hayana kabisa saa yenye betri. Yakiwashwa huanzia wakati yalipozimwa mara ya mwisho. Baada ya likizo ya mwezi mmoja, kompyuta hizo huamka zikiwa nyuma kwa mwezi mmoja.

Kipimo ni amri timedatectl. Ikiwa tarehe ni ya uongo na njia ya nje ni nzima, amri sudo timedatectl set-ntp true huiagiza kompyuta itafute saa sahihi kutoka mtandaoni. Isipowezekana, iwekwe kwa mkono, kisha sudo hwclock --systohc iiandike katika saa ya ndani. Betri ikiwa imekufa, dawa ya kudumu ni betri mpya, ambayo bei yake hailingani hata kidogo na nauli ya fundi.

Pana hadhari mbili za kwetu. Kompyuta huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, na si kuanzia machweo na macheo kama Kiswahili kinavyohesabu. Saa nane mchana ni 14:00. Mwanafunzi aandikaye 08:00 ameirudisha kompyuta nyuma kwa saa sita. Pili, kompyuta yenye Linux na Windows kwa pamoja yaweza kupishana kwa saa tatu kila inapobadilishwa, kwa kuwa Linux kwa kawaida hutunza saa ya ndani kwa majira ya dunia, na Windows kwa majira ya mahali. Tanzania iko saa tatu mbele ya majira ya dunia.

Vyeti huweza kukataliwa hata saa ikiwa sahihi. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti kimoja cha mzizi, kilichokuwa kikitegemewa na tovuti nyingi sana duniani, kilifikia mwisho wake. Kompyuta na simu za zamani ambazo hazikuwa zimepata orodha mpya ya vyeti ziliamka siku hiyo zikikataa tovuti ambazo jana yake zilifunguka. Dawa ilikuwa kuuletea mfumo masahihisho. Funzo lake ni kwamba kompyuta isiyosasishwa huharibika bila kuguswa na mtu.

Kamwe mwanafunzi asizoee kubonyeza kitufe cha kulipuuza onyo na kuendelea. Asahihishe saa kwanza. Ikiwa saa ni sahihi na onyo lingalipo, huenda kweli yupo mtu katikati ya njia anayejifanya kuwa seva, na nywila itakayoandikwa hapo itakwenda kwake.

Kipandio cha sita: seva na kivinjari

Mwisho, seva yenyewe iulizwe pasipo kivinjari:

curl -I https://www.necta.go.tz

Mstari wa kwanza wa jibu una namba yenye tarakimu tatu. Namba 200 maana yake ni sawa. Namba zinazoanza kwa 3 huelekeza kwenye anwani nyingine. Zinazoanza kwa 4 zasema kosa liko katika ombi: 404 ni ukurasa usiokuwapo. Zinazoanza kwa 5 zasema kosa liko kwa seva: 503 ni seva iliyoelemewa au iliyofungwa kwa muda. Siku matokeo yanapotangazwa, watu wengi mno huigonga seva moja kwa wakati mmoja. Kuwasha upya kompyuta ya shule hakutaipunguzia seva hiyo mzigo. Ni afadhali kurudi usiku wa manane.

Curl ikileta 200 na kivinjari kikakataa, hapo ndipo kivinjari kishukiwe. Ijaribiwe amri firefox --safe-mode, inayokifungua bila viongezo. Litazamwe pia kama kuna mipangilio ya seva wakala iliyoachwa na mtumiaji wa zamani. Na itumike amri df -h kuona nafasi ya diski: diski iliyojaa asilimia 100 hukinyima kivinjari mahali pa kuandikia, nacho hukataa kufunguka au hufungwa ghafla.

Hitilafu iliyokuwa baharini

Tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilififia katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikuwa imepata hitilafu katika eneo la kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania iliathirika sana. Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ulisitisha huduma kwa umma tarehe 14 na 15 Mei kwa sababu ya mtandao.

Ni rahisi kukisia yanayotendeka siku kama hiyo katika maabara ya shule: ruta huzimwa na kuwashwa, vifurushi hununuliwa mara ya pili, na kompyuta hufutwa. Mtu apandaye ngazi kwa utaratibu angeona haraka kwamba waya ni mzima, anwani ipo, na lango lajibu, lakini anwani za ng'ambo hazijibu au zapoteza pakiti nyingi. Amri tracepath 1.1.1.1, inayoonyesha vituo vya njiani kimoja kimoja, humwonyesha kituo cha mwisho kinachojibu. Aidha, angejaribu seva iliyopo ndani ya nchi. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano hupita nchi kavu, na Singida ni mojawapo ya vituo vyake. Ujumbe wa kwenda Dar es Salaam hauna haja ya kuvuka bahari. Ila ikumbukwe kwamba jina lenye mwisho wa tz halithibitishi kwamba seva iko Tanzania. Tovuti nyingi zenye jina hilo hutunzwa ng'ambo.

Kujua kwamba hitilafu iko mahali pasipofikika nako ni maarifa. Huzuia matumizi ya bure, na humwezesha mwalimu kuwaambia wanafunzi ukweli, kisha kuwatafutia njia nyingine kabla siku ya mwisho haijafika.

Kifurushi kinachoisha chenyewe

Lipo tatizo jingine linalofanana na hitilafu: kifurushi kinunuliwacho asubuhi na kwisha kabla ya mchana. Matoleo mengi ya Linux hujisasisha yenyewe kimyakimya. Ikiwa masahihisho ya juma ni megabaiti 200, kompyuta 20 zitavuta gigabaiti 4 za kitu kilekile. Amri sudo snap set system refresh.metered=hold huiagiza Ubuntu isivute masahihisho ya programu za snap katika mtandao uliowekewa alama ya kulipiwa kwa kipimo. Bora zaidi ni kuweka programu ya apt-cacher-ng katika kompyuta moja, iwe ghala: vifurushi vya programu vya mfumo huvutwa mara moja, na kompyuta 19 huchukua nakala zao palepale shuleni. Masahihisho yasiachwe kabisa, kwa sababu ya yale yaliyoelezwa juu ya vyeti.

Kanuni na daftari

Mbinu zote zilizoelezwa zina kanuni chache za pamoja. Jambo moja tu libadilishwe kwa wakati mmoja, kisha lipimwe. Anayebadilisha matatu kwa pamoja, hata akifaulu, hajui kilichoponya. Jaribio lichaguliwe kwa uwezo wake wa kugawanya: ping ya 1.1.1.1 ikijibu, vipandio vitatu vya chini vimekwisha kuthibitishwa kwa pigo moja. Na kila tukio liandikwe.

Kila maabara ya kompyuta haina budi kuwa na daftari la hitilafu lenye safu tano: tarehe na saa, dalili, majaribio yaliyofanywa, chanzo kilichoonekana, na dawa. Baada ya mihula miwili daftari hilo litaonyesha mambo ambayo fundi mgeni hawezi kuyajua, kama vile kompyuta ambayo betri yake imekufa, au saa za jioni ambazo mtandao huelemewa. Fundi atakapohitajika kweli, ataelezwa ni kipandio gani kilichovunjika, na kazi yake itakuwa fupi na ya gharama ndogo.

Mazoezi kwa wanafunzi

1. Kompyuta moja ina anwani 169.254.8.3, na 19 nyingine zinafanya kazi. Ni kipandio gani kilichovunjika? Taja sababu mbili zinazowezekana.

2. Ping ya 1.1.1.1 inajibu, getent inaleta namba, lakini tovuti zote zinakataa kwa onyo la cheti. Ni amri gani itakayofuata, na kwa nini?

3. Mwangwi wa seva moja hurudi kwa milisekunde 40. Kwa kuchukua kasi ya nuru katika mkongo kuwa kilometa 200,000 kwa nukta, seva hiyo haiwezi kuwa mbali zaidi ya kilometa ngapi? Kwa nini umbali halisi waweza kuwa mdogo zaidi?

4. Pima kwa ping lango la shule yako mara 20 asubuhi na mara 20 jioni, kwa muda wa juma moja. Chora grafu ya wastani wa kila siku, na ueleze tofauti itakayoonekana.